Alkaliniti ya tangi la matumbawe: dalili, chanzo, na wakati wa kuweka kopo chini

Hakuna wiki inayopita bila mtu kunitumia picha ya tumbawe lenye ncha nyeupe na swali lilelile: "Fundi, alkaliniti niiweke ngapi?" Huwa namrudishia swali: "Juzi ilikuwa ngapi?" Kimya. Kisha inakuja: "Sikupima juzi, ila jana niliongeza kidogo." Hiyo "kidogo" ndiyo imeua matumbawe mengi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Kwa aliyenunua tangi juzi: alkaliniti ni akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyomo ndani ya maji. Tumbawe gumu huchukua akiba hiyo, likaichanganya na kalsiamu, na kujenga kiunzi chake cha chokaa. Akiba ikiisha, ujenzi husimama. Ikizidi, chokaa hujijengea yenyewe kwenye pampu na hita badala ya kwenye tumbawe. Wengi tunapima kwa dKH, yaani digrii za ugumu wa kaboneti. Vifaa vingine husoma ppm (sehemu kwa milioni), na 1 dKH ni takriban ppm 17.9, kwa hiyo mtu akikwambia tangi lake liko 125 usishtuke, ana 7 tu. Wanaotumia meq (milliequivalent) kwa lita wazidishe kwa 2.8.

Bahari ya wazi yenyewe iko karibu na dKH 7, mara nyingi chini yake kidogo. Kalsiamu ni ppm 410 hadi 420, magnesiamu karibu 1,300, na chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji. Hapo ndipo matumbawe yalipozaliwa.

Uchague ngapi basi? Angalia chakula kilichomo majini kabla ya kuangalia namba ya jirani. Tangi safi sana, naitreti karibu sifuri, limejaa matumbawe magumu kama Acropora na Montipora: kaa 7 hadi 8. Tangi la mchanganyiko, samaki wanakula vizuri, naitreti ppm 5 hadi 10, fosfeti ya kupimika: 8 hadi 9 ni pazuri, na matumbawe yatakua haraka kidogo. Matumbawe laini na Zoanthus hayana mashauri; popote kati ya 7 na 11 yataishi, wewe lala usingizi. Juu ya 11 sijaona sababu ya kufika, labda kwa ajali. Tangi langu la nyumbani nimelishika 7.8 kwa muda mrefu. 7.8 haina uchawi wowote. Nimeishika kwa sababu ndipo linapokaa bila kunisumbua.

Ukishachagua, kazi ni kuizuia isitembee zaidi ya nusu dKH kwa siku. Tumbawe linaloishi kwenye 7.2 mwaka mzima hustawi kuliko lile linalopelekwa 9 Jumatatu na kurudishwa 7 Ijumaa.

Kabla ya dalili yoyote: kipimo chako kinasema kweli?

Nimeitwa nyumbani kwa watu kutibu matangi ambayo hayakuwa na ugonjwa. Kilichoumwa ni kipimo.

Anza na saa. Pima saa ileile kila mara, maana taa zikiwaka matumbawe hujenga zaidi, na namba ya asubuhi si lazima ilingane na ya jioni. Halafu tazama bomba la sindano: kiputo cha hewa katikati ya kemikali hukupa hesabu ya uongo. Kwa vipimo vya kidijitali, kichupa chenye alama za vidole au mikwaruzo hubadilisha usomaji, kwa hiyo kifute kwa kitambaa laini kila unapopima. Angalia na tarehe ya mwisho ya kemikali. Chupa iliyokaa juu ya friji, kwenye joto letu la pwani, huchoka kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Ukibaki na shaka, tengeneza maji ya kulinganishia. Unahitaji bikaboneti safi ya soda, maji ya RO (yaliyochujwa madini kwa osmosisi) au yaliyotoneshwa, na mizani ndogo kama ya sonara. Yeyusha gramu 3 kwenye maji, ujaze hadi lita 1. Chota mililita 100 za maji hayo, uyajaze tena hadi lita 1. Haya ya pili yana dKH 10. Yapime. Kipimo kikisoma 9.6 au 10.3, kiamini. Kikisoma 8.5, umempata mwizi wako, na tangi halina kosa.

Mwisho, chumvi. Maji yakivukizwa na hujajazia, chumvi hupanda na kila kitu kilichomo hupanda nayo. Tangi la dKH 8 lililotoka chumvi 35 hadi 38.5 litasoma 8.8 bila mtu kuongeza chochote. Refraktomita, ile inayopima chumvi kwa mwanga, isawazishwe kwa maji maalumu ya chumvi 35, kwani iliyosawazishwa kwa maji matupu huweza kukosea pale juu unapoihitaji. Haidromita za mkono wa plastiki hudanganya zikishikwa na viputo. Zigonge kidogo kabla ya kusoma.

Ncha za matawi zimekuwa nyeupe, kama zimeungua

Hii ndiyo simu ninayopokea zaidi. Tumbawe la matawi, Acropora hasa, rangi ya mwili iko vizuri lakini ncha zote zimebaki mfupa mtupu. Usichanganye na ncha nyeupe ya kukua. Ile huwa imefunikwa na ngozi laini, na ukiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona vipolipu vidogo. Ncha iliyoungua haina ngozi, na baada ya siku chache huota mwani wa kijani.

Chanzo cha kwanza, kwa mbali, ni alkaliniti iliyoruka. Uliza kila mwenye mkono ndani ya tangi: nani aliongeza nini siku saba zilizopita? Je, mlibadilisha maji mengi? Baadhi ya chumvi za dukani huchanganyika na kutoa dKH 11 au 12. Ukibadilisha asilimia 30 ya maji kwenye tangi la dKH 8 kwa chumvi ya 11, umepandisha karibu dKH 1 kwa kikao kimoja. Pima ndoo kabla ya kumimina. Watu hupima tangi kila siku na hawajawahi kupima ndoo.

Cha pili ni alkaliniti ya juu ndani ya maji yenye njaa. Mtu ameweka skima kubwa (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), ameondoa fosfeti yote, naitreti haisomeki, halafu akasoma mahali kwamba dKH 10 hukuza matumbawe haraka. Mfupa unavutwa kwenda juu, nyama haina chakula cha kuufuata. Dawa hapa ni mbili na unachagua moja: lisha samaki zaidi na upunguze kuchuja, hadi naitreti ifike ppm 2 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1, au shusha alkaliniti taratibu hadi 7.5. Mimi huanza na kulisha.

Vyanzo vya nadra zaidi: taa mpya au iliyosogezwa karibu, ambapo utaona kuungua upande wa juu tu, na samaki anayedonoa. Keti mbele ya tangi dakika 20 bila simu mkononi. Kama ni mdonoaji utamwona.

Kama alkaliniti imeruka, usiirudishe kwa nguvu. Acha kuongeza, matumbawe yaile yenyewe. Usimwage asidi ya kuoshea vyoo ili "kuipunguza". Nimeshaona hilo likifanywa na sitaki kuliona tena. Ikibidi kushuka haraka kidogo, badilisha asilimia 10 ya maji kwa maji ya bahari au chumvi yenye dKH 7, na urudie baada ya siku mbili.

Inashuka kila siku

Mara nyingi hii ni habari njema. Matumbawe yanajenga, basi yanakula. Hakikisha kwa kuangalia kalsiamu: kila dKH 1 inayoliwa na ujenzi wa chokaa huondoka na kalsiamu ya ppm 7 hivi. Alkaliniti ikishuka 3 kwa wiki na kalsiamu ikashuka kama 20, hesabu imekubali. Pima ulaji, kisha urudishe kinacholiwa.

Mfano halisi. Tangi la lita 200, ukitoa mawe na mchanga maji ni lita 160. Jumatatu asubuhi dKH 8.4, hakuna kilichoongezwa, Alhamisi saa ileile 6.9. Imeshuka 1.5 kwa siku tatu, yaani 0.5 kwa siku. Gramu 3 za bikaboneti hupandisha lita 100 kwa dKH 1. Kwa hiyo lita 160 kwa 0.5 zinataka gramu 2.4 kila siku. Zigawe mara mbili, asubuhi na jioni, uziyeyushe kwenye maji ya RO, udondoshe mahali penye mkondo mkali. Kalsiamu ya kwenda nayo ni takriban gramu 2.1 za kloridi ya kalsiamu, ile yenye maji mawili ndani ya fuwele zake, iwekwe kwa wakati tofauti. Ulaji hubadilika kadiri matumbawe yanavyokua, basi pima tena kila wiki.

Ila kama alkaliniti inashuka na kalsiamu haitikisiki, usifurahi. Tafuta asidi. Kwenye tangi jipya au lililojaa samaki, bakteria wanaogeuza uchafu kuwa naitreti hula alkaliniti: naitreti ikipanda kwa ppm 50, dKH 2.3 zimekwenda nayo. Hapo dawa ni kupunguza samaki na chakula. Kuongeza soda ni kufukia shimo huku mtu anachimba.

Na kama vyote viwili vinashuka lakini huoni tumbawe likikua, toa hita uipapase. Ikiwa na ganda gumu jeupe kama sufuria ya maji ya chumvichumvi, chokaa yako inaganda pale. Mara nyingi magnesiamu iko chini. Ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti visishikane ovyo. Ikiwa chini ya 1,200, ipandishe hadi 1,300 kwa siku kadhaa kabla ya kuhangaika na alkaliniti.

Ganda la kwenye hita na pampu hutoka kwa siki nusu na maji nusu, saa chache tu. Chomoa kwenye umeme kwanza. Hita ya kioo ikiwa na ufa, hata kama uzi wa nywele, usiirudishe majini. Na ukishika maji ukahisi mtekenyo kwenye kidonda au chini ya kucha, zima swichi kuu, usitie mkono tena, mwite fundi umeme. Maji ya chumvi na umeme si mahali pa kujifunzia.

Unaongeza kila siku, haipandi

Nianze na kopo lenyewe. Kuna vitu vitatu jikoni kwetu vinavyofanana na watu huvichanganya. Baking poda si bikaboneti tupu. Ina asidi na wanga ndani yake, na tangini huleta fujo. Magadi, yale ya kulainishia maharage na kande, kweli ni soda ya asili ya kaboneti na bikaboneti, na kuna mtu aliniambia kwa fahari kwamba amepata alkaliniti ya bei ya sokoni. Lakini magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa hubeba floraidi nyingi pamoja na udongo na chumvi nyingine. Yaache kwenye maharage. Unachotaka ni bikaboneti ya soda isiyo na kitu kingine kwenye orodha ya viungo.

Soda ya kaboneti ni nguvu zaidi: gramu 1.9 hufanya kazi ya gramu 3 za bikaboneti, nayo hupandisha pH. Ukioka bikaboneti kwenye oveni, nyuzi 180 kwa saa moja, inageuka kuwa kaboneti. Hiyo ni njia nzuri, lakini andika jina kwenye kopo. Mtu aliyesahau alichooka akatumia vipimo vya zamani huongeza zaidi ya mara moja na nusu ya alichokusudia.

Kopo likiwa sahihi, angalia hesabu ya maji. Tangi lina tangi la chini, lile la vichujio? Umelihesabu? Halafu angalia mahali unapomimina. Ukimwaga soda na kalsiamu mahali pamoja kwa wakati mmoja, vinakutana kabla ya kuchanganyika na maji na kugeuka chokaa hapohapo. Umeongeza vyote, umepata mchanga. Tenganisha kwa nusu saa au zaidi, au uviweke pande mbili tofauti za tangi.

Ikiwa yote hayo ni sawa na bado haipandi, rudi kwenye kipimo.

Maji yamegeuka maziwa

Umerudi kutoka kazini, tangi halionekani ndani. Kilichotokea ni kwamba chokaa imeganda majini kwa mkupuo, kwa sababu alkaliniti, kalsiamu au pH imepita kiasi. Mara nyingi ni maji ya chokaa, yaani maji yaliyoyeyushiwa unga wa hidroksidi ya kalsiamu.

Maji ya chokaa ni njia nzuri kwa sababu yanaleta kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano uleule tumbawe linaotumia, na huku kwetu, ambako tangi hupoteza lita 2 au 3 kwa siku kwa mvuke, unaweza kuyatumia badala ya maji ya kujazia. Maji hushika chokaa kidogo tu, karibu gramu 1.5 kwa lita, na lita 1 iliyoshiba hupandisha tangi la lita 160 kwa takriban dKH 0.7. Sasa fikiria kielea cha kujazia kimekwama usiku na ndoo nzima ya lita 10 imeingia. Au umeme umekatika, umerudi, na pampu imeanza kuvuta matope ya chini ya ndoo.

Hilo la matope nililifanya mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza. Nilikoroga ndoo ya chokaa nikaiunganisha na pampu bila kungoja itulie. Asubuhi tangi lilikuwa tui la nazi. Nikahamaki, nikabadilisha nusu ya maji kwa pupa, bila kulinganisha joto wala chumvi. Ule unga usingeua chochote; mabadiliko yangu ndiyo yaliyoua.

Kwa hiyo: zima kila pampu inayoongeza kitu. Usiongeze magnesiamu, usiongeze chochote. Pima pH kwanza. Ikiwa chini ya 8.6, acha mkondo uende, safisha vichujio, na ngoja. Weupe utatua ndani ya siku moja au mbili. Ikiwa juu ya hapo, dondosha maji ya soda, yale ya viputo tu yasiyo na sukari wala ladha, mililita 1 kwa kila lita ya tangi, mahali penye mkondo, kisha upime tena baada ya robo saa. Gesi yake hushusha pH na haigusi alkaliniti. Ikiwa pH imefika 9 na samaki wanahema juujuu, hamisha samaki kwenye maji mengine yenye joto na chumvi ileile, na umpigie mtu mwenye uzoefu aje, usibaki peke yako na jaribio.

Kesho yake pima alkaliniti. Utakuta imeshuka, pengine chini ya ulipoanzia, kwa sababu chokaa ilipoganda iliondoka nayo. Irudishe kwa nusu dKH kwa siku, basi.

Kuhusu chokaa yenyewe: ile ya kupaka ukuta usiitumie. Wazee wetu walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa iliyojenga miji yote ya pwani, lakini ukuta haujali uchafu uliomo, tangi linajali. Nunua ya daraja la chakula au ya akwaria. Na chokaa huunguza: pH ya maji yake hupita 12. Vaa miwani na glavu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusugua, kisha uende hospitali hata kama maumivu yametulia.

Inapanda wakati huongezi chochote

Hapa huku kwetu chanzo namba moja ni maji ya kujazia. Visima vya pwani hupita kwenye mwamba wa chokaa na hubeba bikaboneti. Tuseme kisima chako kina dKH 15 na tangi la lita 160 linapoteza lita 3 kwa siku: unaongeza karibu dKH 0.3 kila siku, 2 kwa wiki, na hujui. Pima maji ya kujazia kwa kifaa kilekile unachopimia tangi. Yanapaswa kusoma sifuri. Mita ya TDS, inayopima madini yaliyoyeyuka majini, nayo isome sifuri au karibu yake. Ikisoma 20 na kupanda, vichujio vya RO vimechoka. Maji ya chupa ya kunywa si suluhisho, mengi yamerudishiwa madini.

Chanzo cha pili ni chumvi ya dKH ya juu, tumeshaieleza. Cha tatu ni pampu ya kudondosha dawa (soda au kalsiamu unayoongeza) ambayo mrija wake umezama majini au chupa iko juu ya tangi. Pampu ikisimama, dawa huendelea kutiririka yenyewe. Weka mdomo wa mrija juu ya maji, na chupa chini.

Cha nne ndicho cha kuogopa: matumbawe yameacha kula. Kama ulikuwa unaongeza kiasi kilekile miezi mitatu na ghafla namba inapanda, tumbawe kubwa linaumwa ingawa rangi haijabadilika. Alkaliniti hukupa taarifa siku kadhaa kabla ya macho. Punguza dawa siku hiyohiyo, angalia joto la usiku, chumvi, na chini ya matawi.

Wanaobadilisha maji kwa maji ya bahari wana bahati, kwa sababu yanavuta namba kuelekea 7. Chota maji yakijaa, siku za bamvua, mbali na bandari, mitaro na midomo ya mito. Wakati wa masika usichote karibu na pwani kabisa. Maji ya mvua hukaa juu na chumvi huweza kushuka vibaya. Pima chumvi ukiwa ufukweni, kabla hujabeba madumu mabegani.

Nyama inabanduka kutoka kwenye mfupa

Hii haina muda wa kusoma sana. Nyama ikianza kutoka chini na kupanda polepole kwa wiki, kwa kawaida ni msukosuko wa muda mrefu: alkaliniti inayoyumba, joto, au chumvi. Pima vyote vitatu na usibadilishe kimoja kwa zaidi ya kidogo kwa siku. Ikibanduka kwa saa, matambara yakielea majini, usitibu maji kwanza. Vaa glavu na miwani, kata tawi zima lililo hai, sentimita 2 juu ya mpaka wa weupe, ulipeleke upande mwingine wa tangi. Mzizi uliokufa utoe nje.

Matumbawe zaidi ya moja yakianza siku hiyohiyo, acha kila unachoongeza, weka kaboni mpya kwenye kichujio, na utume sampuli ya maji maabara inayopima metali. Metali kutoka kwenye sumaku iliyopasuka au skrubu iliyoshika kutu haionekani kwa kipimo chako cha alkaliniti, na unaweza kuhangaika nayo mwezi mzima.

Na usiende kung'oa la kufidia mwambani. Matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na tumbawe la mwituni lililong'olewa kwa nyundo huwa la kwanza kufa.

Alkaliniti iko sawa, pH iko chini

dKH 8, kila kitu kinapendeza, lakini pH ni 7.7 na mtu amesoma kwamba lazima iwe 8.3, basi anaongeza soda. Namba ya alkaliniti inafika 11, pH inabaki 7.8, na tumerudi kwenye ncha zilizoungua.

Mara nyingi tatizo ni hewa ya chumbani. Sebule imefungwa madirisha kwa sababu ya kiyoyozi, watu sita wanapumua humo, jiko la gesi liko hatua nne. Chota kikombe cha maji ya tangi, upime pH. Kipeleke kibarazani, weka pampu ya hewa ndani yake kwa saa moja, upime tena. Ikipanda kwa 0.2 au zaidi, kosa ni la chumba. Peleka mrija wa hewa wa skima nje ya dirisha, au fungua dirisha hilo usiku. Mwenye tangi mmoja alinigomea kwa sababu ya mbu. Tukatoboa ukuta tundu la mrija, tukaliziba kwa chandarua, na pH yake sasa hucheza kati ya 8.0 na 8.2 bila kijiko hata kimoja cha soda.